Shirikisho Lilipofiwa

Mwenye haraka na aende zake, maana hii ni hadithi ya watu wenye nafasi. Na kama umeketi na ndugu yako anayefanya kazi kwenye Shirikisho, mtume dukani kwanza akakununulie chumvi, tena duka la mbali.

Nchi ya Mbwembweni ina milima upande mmoja, mabonde upande wa pili, na katikati kuna Shirikisho la Kandanda la Taifa. Milima iliumbwa na Mungu, mabonde yalichimbwa na mvua, lakini Shirikisho hakuna anayejua lilitoka wapi. Liko tu. Rais wake ni Mheshimiwa Dakta Anselmi Bwimba, mtu mnene wa maneno, aliyechaguliwa mara ya kwanza kwa kura na mara zote zilizofuata kwa makofi.

Watu wenye chuki husema Shirikisho halina mipango. Ni uongo mtupu. Kila mwaka, kabla ligi haijaanza, Shirikisho hutoa kalenda ya ukutani, ya karatasi inayong'aa, Dakta Bwimba akitabasamu katika kila mwezi kwa suti nyingine. Kwenye Desemba, chini ya suti ya mwisho, huchapwa msimamo wa ligi: bingwa, wa pili, na wanaoshuka daraja. Nchi nyingine hucheza kwanza ndipo zikachapisha, jambo linaloonyesha kwamba hazijui zinakokwenda. Mbwembweni huchapisha kwanza, kisha timu huombwa kwa upole zicheze kufuata kalenda.

Mambo yalikwenda hivyo kwa amani mpaka siku Festo Lukwele alipodaka penalti.

Ilikuwa mechi ya mwisho wa msimu. Tingatinga FC, timu ya shemeji yake Dakta Bwimba, ilikuwa bingwa tangu Januari. Ilibaki iifunge Chuma Chakavu goli moja, jambo dogo la kukamilisha utaratibu. Mwamuzi akawangoja wafunge. Wakashindwa. Akawaongezea dakika, wakashindwa tena. Mwisho jua likawa linazama na mwamuzi ana familia, akawapa penalti kwa kosa ambalo, kwa maelezo yake mwenyewe, lilitendeka "maeneo ya hapo hapo". Golini alisimama Festo, mtoto wa Bondeni, ambaye nchi nzima ilimwita Kufuli. Akaruka upande wake wa kushoto, akaudaka mpira, akalala nao chini.

Kila mtu alikuwa anafikiria kalenda iliyotundikwa sebuleni kwake.

Kamati ya Nidhamu ilimshitaki kwa kosa la kuuza mechi.

"Waheshimiwa," Kufuli aliuliza, "nimeuzaje mechi kwa kudaka?"

"Hilo ndilo hata sisi tunajiuliza," mwenyekiti alimjibu. "Katika nchi hii hakuna mtu anayedaka penalti bure."

Akafungiwa maisha. Asicheze, asifundishe, asikanyage uwanja wowote ndani ya Jamhuri, asiukaribie, wala asiuchungulie kwa juu ya ukuta. Dakta Bwimba aliisaini hukumu mbele ya waandishi wa habari, akanyanyua kalamu juu wapige picha.

*

Aliyesaga meno siku ile kuliko hata mwenye kifungo ni Skolastika Namtimba, nahodha wa timu ya wanawake ya Chuma Chakavu, mwanamke mrefu wa Mlimani mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto.

Hapa lazima nieleze, kwa faida ya waliozaliwa mjini. Watu wa Mlimani na watu wa Bondeni ni watani. Zamani walipigana vita virefu kwa sababu ya mbuzi, wakauana mpaka wakachoka, wakakubaliana kwamba kuanzia siku hiyo wataumizana kwa maneno tu, na atakayenuna ndiye mjinga. Skola na Kufuli walitukanana miaka yote ya uchezaji wao. Yeye alimwambia Kufuli kwamba Wabonde huoga siku ya kuzaliwa na siku ya kufa, na kwamba ya kwanza huoshwa na mkunga. Kufuli alimjibu kwamba Wamlima hulala na mbuzi ndani, na mbuzi ndiye hulalamika harufu. Wakicheka, wakigawana chungwa.

Siku aliyofungiwa, Skola alikwenda nyumbani kwake na matusi mapya aliyokuwa ameyaandaa njiani. Akamkuta amekaa uani na mkewe, Perpetua. Skola akafungua mdomo, tusi likakataa kutoka. Hapo ndipo alipojua kwamba ana hasira, na kwamba hasira hiyo si ya kuisha kesho.

Haikuisha. Kufuli akaanza kuuza mkaa, na wateja walikuwa wakimtania vibaya, si kwa utani wa Mlimani bali kwa ule wa sumu. Shuleni wanawe waliitwa watoto wa muuza mechi. Perpetua akienda bombani, wanawake walimwuliza ghorofa la penalti wamelijenga mtaa gani. Skola aliyaona yote hayo, akayaweka tumboni, yakaiva humo kwa moto mdogo kama maharage.

Kufuli alipoumwa kifua, mara ya mwisho Skola kumwona, alimshika mkono akamwambia, "Mtani, mimi kitu kimoja tu. Mtu aseme sikuuza. Aseme kwa sauti, watoto wasikie."

"Nyamaza wewe Mbonde," Skola alisema. "Nani amekwambia unakufa? Hata kufa hamjui, mnahitaji kufundishwa."

Kufuli akacheka, akakohoa. Asubuhi yake alifariki.

*

Habari za kifo zilipofika Shirikisho, zilipokewa kwa furaha ya dhati.

Msinielewe vibaya. Shirikisho lina Tuzo ya Dhahabu ya Mchezaji Bora, na kwa mujibu wa kanuni tuzo hiyo hupewa marehemu tu. Zamani walipewa walio hai, lakini mmoja wao alipokabidhiwa kipaza sauti ili ashukuru, akauliza vyoo vya uwanja vitafunguliwa lini. Ikaonekana kwamba mchezaji hai hajakomaa. Marehemu ana nidhamu, hachelewi kwenye sherehe na haulizi vyoo.

Mwaka ule, kwa bahati mbaya, wachezaji walikuwa wamegoma kufa. Sherehe imekaribia, na wakubwa wa mpira wa dunia wamealikwa waje kuona jinsi Mbwembweni inavyowaenzi wanamichezo wake. Ndipo Kufuli, kwa uzalendo wa mwisho, akafa.

Katibu Mkuu wa Shirikisho, Bwana Kasanda, mtu mwembamba aliyezoea kusema akitazama kando, alitumwa msibani. Alimkuta Perpetua ameketi kwenye mkeka na Skola kando yake anapembua mchele.

"Pole mama. Shirikisho limeamua kumtunukia marehemu Tuzo ya Dhahabu na kumzika kwa heshima zote."

"Asanteni," alisema Perpetua. "Semeni kwanza hakuuza."

"Mama, hayo ni mambo mawili tofauti. Tuzo ni ya mchezaji. Kifungo ni cha mtu."

"Sawa baba. Basi mchukueni huyo mchezaji mkamzike. Mimi niachieni mtu."

Kasanda alitazama kando, hakuona msaada huko, akaaga.

Shirikisho halishindwi na mwanamke wa mkaa. Kikao cha dharura kilikaa, na jioni ile ile redio ikatangaza azimio. Dakta Bwimba alilisoma mwenyewe, koo lake limejaa huzuni ya kukodi.

"Wananchi! Kufuli hakuwa wa mtu mmoja. Kuanzia saa hii Shirikisho ndilo familia ya marehemu. Na mimi, Anselmi Bwimba, ninatangaza mbele ya taifa kwamba marehemu ni kaka yangu wa damu! Mimi ni Mbonde! Mimi ndiye mfiwa mkuu! Mwenye lolote la msiba huu, alilete kwangu!"

Perpetua alijifunika kanga usoni akalia. Skola aliuacha ungo, akaanza kucheka. Alicheka mpaka mchele ukamwagika.

"Skola! Unacheka msibani kwangu?"

"Si msiba wako tena, shoga yangu. Umepokonywa. Hukusikia? Amesema ni Mbonde, na ni mfiwa mkuu."

"Nimesikia. Sasa nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Mwachie."

Na Perpetua, ambaye alikuwa Mbonde wa kuzaliwa, taratibu akaanza kuelewa. Akashusha kanga usoni.

Mbonde akifa, Wamlima huja mazishini kama watani, na siku hiyo hakuna mwenye mamlaka juu yao. Watavaa nguo za mfiwa, watakaa kwenye kiti chake, watamsema mpaka ukoo wake wa nyuma, na wanaweza kulizuia kaburi mpaka wapewe wanachokitaka. Mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika, watu wote huinuka wakaondoka, wakamwachia maiti yake. Mbonde wa mwaka mmoja anayajua haya. Dakta Bwimba hakuyajua. Alizaliwa mjini, na kwake msiba ni hema, viti vyenye vitambaa vyeupe, na kipaza sauti.

Skola alipiga simu Mlimani.

"Njooni mazishini."

"Tumefiwa?"

"Hatujafiwa. Amefiwa Bwimba."

Upande wa pili akasikia watu wanagombania viatu.

*

Siku ya mazishi uwanja wa taifa ulijaa. Wageni wa dunia walikaa jukwaa kuu na feni zao. Dakta Bwimba alikuja amejifunga kaniki ya msiba kichwani, kaniki iliyoshonwa na fundi wake wa suti, yenye nembo ya Shirikisho pembeni. Kila kitu kilikuwepo, isipokuwa marehemu.

Marehemu alikuwa nje, getini, juani. Kifungo chake kilikataza asikanyage uwanja, na Kasanda alikuwa amefafanua kwamba kufa si sababu ya kuvunja kanuni. Kufungua kifungo kungehitaji mfungwa aje mwenyewe kuomba, na huyu hakuonyesha nia. Kwa hiyo jeneza lilikaa kwenye benchi nje ya geti likilindwa na askari wawili, huku ndani nyimbo za kumsifu marehemu zikiimbwa. Skola alilikuta pale. Akaweka kiganja juu ya ubao, akausikia umepata moto. Wallahi nawaambia, angekuwa na fimbo mkononi saa ile, hadithi hii ingeishia mahakamani.

Badala yake akageuka nyuma, akawatazama watu wake. Wamlima walikuwa wamekuja kwa malori, na masufuria ya kupiga, na jezi walizozivaa nyuma mbele. Kina mama wamejichora masharubu ya masizi.

"Ingieni," alisema. "Mfiwa anawasubiri."

Wakaingia. Askari wa getini walikuwa Wabonde. Walikagua vifungo vya mashati yao mpaka wa mwisho alipopita. Mama mmoja mzito alimfikia Dakta Bwimba akiwa amesimama kuhutubia, akakaa kwenye kiti chake. Mwingine akamvua koti akalivaa. Wa tatu akachukua hotuba mkononi mwake akaisoma kwa sauti ya pua, akiongeza vyake: "Ndugu zangu, kaka yangu huyu nampenda sana, ndiyo maana nimemwanika getini kama dagaa!"

Dakta Bwimba alifura. Kasanda akamnong'oneza haraka kwamba wageni wanapiga picha na wanasema ni utamaduni mzuri sana. Akatabasamu. Alitabasamu kwa nguvu mpaka shavu likatetemeka. Zamu ya tuzo ilipofika, kwa kuwa yeye ni Rais aliitoa kwa mkono wa kulia, na kwa kuwa yeye ni mfiwa aliipokea kwa mkono wa kushoto. Kisha akajipongeza.

*

Makaburi ya mji yako nyuma ya uwanja. Msafara ulikwenda kwa miguu, jeneza mbele, Dakta Bwimba nyuma yake na shati lililoloa, mpiga picha wake na mbeba kipaza sauti ubavuni kama siku zote. Wanaume wa Bondeni waliochimba walikuwa wamesimama na majembe. Perpetua alikaa chini kwenye udongo, na wanawe wawili mapajani.

Jeneza lilipotaka kushushwa, Skola alivua viatu, akaruka ndani ya shimo, akalala chali.

"Hazikwi mtu hapa," alisema kutoka chini. "Shimo nimelipenda. Lina baridi nzuri."

Watu walicheka. Hii waliijua. Dakta Bwimba naye alicheka, maana alikuwa ameshafundishwa njiani kwamba mtani hupozwa. Akatia mkono mfukoni.

"Rudisha," Skola alisema. "Mimi si mwamuzi wako. Nataka neno."

"Neno gani, mtani wangu?"

"Kaka yako alidaka, au aliuza?"

Kicheko kikapungua. Dakta Bwimba alimtazama Kasanda. Kasanda akamnong'oneza, "Sema tu, Mheshimiwa. Maneno ya utani hayana hesabu."

"Alidaka," alisema Dakta Bwimba.

"Sisikii. Huku kuna udongo masikioni."

"Alidaka! Hakuuza!"

Kipaza sauti, kwa mazoea yake ya kazi, kilikuwa mdomoni. Sauti ilikwenda mpaka barabarani. Wanawe Kufuli waliinua vichwa. Dakta Bwimba akapiga makofi mawili akageukia wageni. "Matani mazuri sana haya! Sasa tuendelee."

"Nani anatania?" Skola aliuliza.

"Sisi hapa, mtani."

"Mtani hapa ni mimi. Mfiwa hatanii. Tangu lini mtu aliyefiwa akatania juu ya maiti yake? Hebu waulize wenye majembe. Au wewe si mfiwa?"

Dakta Bwimba aliwatazama wenye majembe. Walikuwa wengi, na hawakuwa wanacheka. Kama yeye si mfiwa, basi amemnyang'anya mjane maiti mchana kweupe, na kwa jambo hilo Wabonde wana jibu fupi sana.

"Mimi ni mfiwa," alisema.

"Kwa hiyo ulilosema ni la kweli."

"Ni... la kweli."

"Nani alimfungia mtu ambaye hakuuza?"

"Kamati."

"Kamati ina mkono?"

"Shirikisho..."

"Shirikisho lina kalamu? Mimi nimelala hapa, Bwimba, sina haraka, na jua hilo linakupiga wewe."

Mgeni mmoja wa dunia alimgusa mkalimani wake akitaka kujua kinachosemwa. Siku nzima mkalimani alikuwa amemwambia kwamba ni nyimbo. Sasa, akiwa naye ni Mbonde, akamtafsiria neno kwa neno, bila kuruka hata kikohozi. Mgeni akashusha simu aliyokuwa akipigia picha.

"Ni mimi," alisema Dakta Bwimba. "Mkono ulikuwa wangu. Nilijua hakuuza."

Wamlima waliacha kupiga masufuria. Skola alibaki chini akitazama kipande cha anga, na machozi aliyokuwa amejiapiza kutoyatoa yakamteremkia masikioni. Alikuwa na maswali mengine aliyoyaandaa, makali zaidi, ya kumvua nguo kabisa. Akayaacha. Alinyosha mkono juu, wakamvuta.

Wakamshusha Kufuli.

Katika nchi ya Mbwembweni kaburi hufukiwa kwa kupokezana. Mmoja akitupa udongo kidogo, mwingine humgusa bega, akalipokea jembe, na kazi huwa nyepesi. Skola alichukua jembe kwa mchimbaji, akamkabidhi Dakta Bwimba.

"Kaka wa damu huanza."

Dakta Bwimba alitupa udongo mara kadhaa, bonge likagonga ubao kwa kishindo.

"Taratibu, shemeji," alisema Perpetua pale alipokaa. "Utamwumiza."

Akaenda taratibu. Jasho likalowanisha kaniki mpaka nembo ikachuja rangi. Viatu vyake vyeupe vilikuwa vimezama. Alisimama, akamnyoshea Kasanda jembe. Kasanda alitazama kando. Akamnyoshea mkuu wa askari, naye akaona jambo muhimu kwenye mti. Akageukia wageni wa dunia, lakini walikuwa wameanza kurudi kwenye magari yao. Kisha Skola akaketi chini, kando ya Perpetua. Wanaume wa Bondeni wakaegemeza majembe yao, nao wakaketi. Wamlima wakaketi. Uwanja mzima uliokuja kuzika ukaketi kwenye udongo, ukamtazama.

Alingoja mtu wa kumpokea. Alipochoka kungoja, aliinama akaendelea kufukia.